Ngoma ziko chuoni Bagamoyo, wenyewe wako Lugoba

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha kwa barabara kuu ya Chalinze hadi Segera hupita Lugoba bila kusimama, isipokuwa basi lake likipata pancha. Anachokikumbuka baadaye ni malori ya kokoto, kwani machimbo ya mawe ya Lugoba yamekuwa yakilisha ujenzi wa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Ni wachache wanaotambua kwamba hapo wamo katikati ya Ukwere, nchi ya watu ambao ngoma zao, jando lao na unyago wao vimeandikwa na wageni kuliko vilivyoandikwa na wenyewe.

Mbele kidogo, pale Msata, barabara ya lami ya kilometa 64 inakata kulia kuelekea Bagamoyo mjini. Mwisho wa barabara hiyo, karibu na bahari, ndiko iliko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita kwa jina lake la zamani, Chuo cha Sanaa. Tangu mwaka 1982 chuo hicho kimekuwa kikiandaa tamasha la sanaa na utamaduni ambalo kwa muda mrefu lilizoeleka kufanyika mwishoni mwa Septemba, na ambalo miaka ya karibuni limekuwa likisogezwa hadi Oktoba au Novemba. Kwa siku kadhaa wanafunzi, wakufunzi na vikundi vya wageni hupanda jukwaani kwa ngoma, sarakasi, maigizo na muziki. Viongozi hualikwa, hotuba husomwa, na methali ya mwacha mila ni mtumwa hurudiwa hadi inachosha masikio.

Makala haya hayana ugomvi na tamasha hilo, ambalo ni miongoni mwa matamasha ya sanaa yaliyodumu muda mrefu zaidi nchini. Swali lake ni jingine. Chuo kinaposherehekea urithi wa watu fulani, je, watu hao wana sauti gani katika sherehe hiyo, na inapokwisha wanabaki na nini?

Swali hilo haliulizwi Bagamoyo peke yake. Katika majira hayo hayo ya mwaka, kuanzia Septemba 15 hadi Oktoba 15, vyuo vingi vya Marekani huadhimisha mwezi wa urithi wa Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, maarufu kama Walatino. Tarehe hizo hazikuchaguliwa ovyo. Septemba 15 ni siku ya uhuru wa Guatemala, Honduras, El Salvador, Nicaragua na Costa Rica. Mexico inafuata Septemba 16 na Chile Septemba 18. Maadhimisho yalianza kama wiki moja mwaka 1968, chini ya Rais Lyndon Johnson, kisha mwaka 1988 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria iliyoyafanya kuwa mwezi mzima.

Anayetembelea chuo cha Marekani katika mwezi huo atakuta muziki wa salsa uwanjani, vyakula vya Mexico bwaloni, wasichana wenye sketi za rangi wakicheza, na mkuu wa chuo akitoa salamu za kuthamini tofauti za watu. Kwa sura ya nje, ni tamasha la Bagamoyo lililohamishiwa ng'ambo. Lakini chini ya sura hiyo kuna historia isiyo ya kucheza. Mwaka huo huo wa 1968 wanafunzi wa Chuo cha Jimbo la San Francisco, weusi, Walatino, Waasia na wenyeji wa asili, walianza mgomo uliodumu miezi kadhaa hadi mwaka 1969. Hawakudai siku ya kucheza. Walidai masomo yanayohusu watu wao, walimu wa kuyafundisha, na nafasi zaidi za udahili kwa vijana wa mitaa yao. Matokeo yake yalikuwa kitivo cha masomo ya jamii hizo, ambacho kipo hadi leo. Los Angeles nako, masomo kuhusu Wamarekani wenye asili ya Mexico yalianzishwa chuoni katika kipindi hicho hicho.

Ngoma na chakula, kwa hiyo, vilikuwa sehemu ndogo ya madai. Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu hiyo ndogo ndiyo rahisi kuikubali na rahisi pia kuiondoa. Januari 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kwamba haitatumia tena rasilimali zake kuadhimisha miezi ya namna hiyo. Septemba mwaka huo, siku chache kabla ya mwezi wa Walatino kuanza, Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilitangaza kusitisha ruzuku za takriban dola milioni 350 zilizokuwa zikienda kwa vyuo vyenye wanafunzi wengi wa jamii za wachache, vikiwamo vile vya Walatino. Chuo kilichopoteza ruzuku hiyo hakikuzuiwa kuendelea kupiga salsa. Kilichopungua ni fedha za kumsaidia mtoto wa mfanyakazi wa shambani amalize shahada yake.

Hata hivyo Walatino wana jambo moja ambalo Wakwere wa Lugoba hawana, nalo ni kuhesabiwa. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 62, na kila mwanasiasa anajua maana ya idadi hiyo siku ya kura. Tanzania iliacha kuchapisha takwimu za makabila baada ya sensa ya mwaka 1967. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, na anayetazama yaliyotokea kwa majirani zetu hawezi kuubeza. Lakini una gharama. Kabila lisilohesabiwa haliwezi kudai chochote kwa jina lake. Linabaki na utani, na jukwaa.

Katika utani Wakwere wamefanikiwa sana. Kati ya mwaka 2005 na 2015, Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga aliyesoma pia Lugoba, alipokuwa Ikulu, neno "Mkwere" lilitamkwa katika kila kijiwe cha kahawa nchini, kwa mapenzi au kwa kejeli kutegemea bei ya sukari ya siku hiyo. Wengi waliolitamka wasingeweza kutaja ngoma moja ya Kikwere hata kwa kulazimishwa.

Katika jukwaa, historia yetu inaanzia Desemba 1962. Akihutubia Bunge baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilalamika kwamba wasomi walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao, akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni. Mwaka uliofuata sheria ilifuta mamlaka ya machifu. Hatua hizi mbili zikitazamwa pamoja zinaeleza mengi. Serikali ilitaka ngoma za makabila bila makabila yenyewe kuwa na nguvu ya kisiasa. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilikusanya wachezaji kutoka mikoa mbalimbali. Sindimba ya Wamakonde ikatolewa katika mazingira yake ya jando na unyago, ikapelekwa mijini na ng'ambo, ikawa ngoma ya Watanzania wote. Mzozo uliozuka kuhusu viuno vya sindimba unakumbukwa hadi leo, lakini katika mzozo huo walioulizwa kidogo kuliko wote ni Wamakonde.

Vikundi vya taifa vilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa. Wasanii wa vikundi hivyo ndio waliokuwa walimu wa mwanzo, na wengi wao walikuwa na ujuzi wa mikono na koo kuliko wa vyeti. Mmoja wa watu waliohusishwa na chuo hicho ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia pwani na zeze na ilimba zake, akafanya Bagamoyo ijulikane duniani kabla ya kifo chake Desemba 2003. Mwaka 2002 ukumbi wa maonyesho wenye paa la makuti uliteketea kwa moto. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa Serikali kwa jina la TaSUBa, na mwaka 2008 ukapatikana ukumbi mpya mkubwa kwa msaada wa Sweden.

Hayo ni maendeleo na hayapaswi kudharauliwa. Leo kijana anaweza kuhitimu Bagamoyo kwa stashahada inayotambuliwa na mfumo wa elimu ya ufundi, jambo ambalo mpiga zeze wa mwaka 1965 asingeliota. Ila mlango uliofunguliwa kwa mwenye cheti cha kidato cha nne ni huo huo uliojifunga kwa mzee wa kijijini. Mpiga ngoma wa Lugoba asiye na cheti anaweza kualikwa kutumbuiza, na si rahisi aajiriwe kufundisha. Mwanafunzi aliyejifunza mapigo yale yale kwa miezi michache ndiye atakayekuja kuitwa mtaalamu.

Hapa yafaa kukumbusha jambo ambalo limesahauliwa hata na wasomi wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini na mbinu waliyoiita sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Walianzia Malya, mkoani Mwanza, wakaja Bagamoyo, na mwaka 1985 wakafika Msoga, jirani kabisa na Lugoba. Hawakwenda kuvuna ngoma za kupeleka mjini. Vijana na wazee wa kijiji walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayageuza kuwa ngoma, nyimbo na michezo waliyoijua, wakaicheza mbele ya wenzao, kisha wakakaa chini kuyajadili hadharani na viongozi wakiwapo. Mlama aliandika kitabu kuhusu kazi hizo mwaka 1991.

Tofauti ya Msoga na tamasha ni kubwa. Katika tamasha kijiji huja chuoni kutazamwa. Kule Msoga chuo kilikwenda kijijini, na kijiji ndicho kilichoamua ngoma ile izungumze nini. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo linakaribia zaidi madai ya wanafunzi wa San Francisco kuliko sherehe yoyote ya Septemba, ijapokuwa waliohusika hawakuwa wanaigana.

Upepo wa kisiasa nao umebadilika. Septemba 2021, huko Kisesa mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa mkuu wa machifu na kupewa jina la Chifu Hangaya. Mwaka 2022 Serikali ilianzisha Tamasha la Utamaduni la Kitaifa, lililoanzia Dar es Salaam, likafanyika Njombe mwaka 2023 na Songea mwaka 2024. Makabila yaliyokuwa yakitajwa kwa sauti ya chini sasa yanatangazwa kwa vipaza sauti na mabango. Wapo wanaoona kwamba tunarejea tulikotoka, na wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye tumeacha kujionea haya. Huenda pande zote mbili zinaharakisha. Sherehe inayoandaliwa na Serikali huweza kubadilishwa na Serikali, kama ilivyokuwa Kenya, ambako Oktoba 10, iliyokuwa sikukuu ya Moi, iligeuzwa kuwa Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikageuzwa tena kuwa Siku ya Mazingira. Ngoma za Pokomo na za Wakamba hazikuongezeka wala kupungua kwa mabadiliko hayo.

Lakini tukirudi Lugoba, kuna suala zito kuliko majina ya sikukuu. Urithi wa Wakwere, kama ulivyo wa Wazaramo na Wadoe, kiini chake ni mwali. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa na kungwi, na hutolewa nje kwa ngoma. Katika kipindi cha kuwekwa ndani alikuwa akipewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, akikitunza kama mtoto. Vinyago hivyo leo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ndani ya kabati za vioo zenye taa nzuri, na ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi wa Berlin kukiona kimoja kuliko kwa mwanafunzi wa sekondari ya Lugoba.

Ngoma ya kumcheza mwali ikiletwa jukwaani hushangiliwa. Ngoma hiyo hiyo ikipigwa kijijini hulaumiwa. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na wanaofaulu huanza kidato cha kwanza Januari. Kati ya miezi hiyo, msimu wa mavuno ukiwa umepita na fedha kidogo ipo mkononi, familia nyingi za Pwani hucheza wali wao. Si mara moja wala mbili walimu na viongozi wa mkoa huo wamezilaumu ngoma za usiku, hasa zile za kisasa za vigodoro zenye spika kubwa, kwamba zinawatoa wasichana katika masomo na kuwaingiza katika mimba na ndoa za mapema. Serikali imejibu kwa sheria na nyaraka. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa hadi miaka 30. Novemba 2021 ilitangazwa kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaweza kurudi katika mfumo rasmi.

Ni wajibu kusema wazi kwamba malalamiko ya walimu yana msingi. Mafunzo yaliyokusudiwa kumwandaa msichana kwa ndoa baada ya kuvunja ungo hayawezi kukaa kwa amani na ratiba inayomtaka akae darasani hadi miaka 17 au 18. Anayetetea mila kwa kuficha mgongano huu hazitendei haki hata mila zenyewe. Wakati huo huo, aliyesikiliza nyimbo za unyago, na hapa wanaume tunasikiliza kwa mbali tu, anajua kwamba ndani yake mna mafunzo ya usafi, ya kujihadhari, ya heshima na ya kuvumilia maumivu, ambayo shule haiyafundishi kwa ufasaha wowote. Kungwi ni mwalimu. Ameachwa nje ya mjadala kuhusu elimu ya wasichana kwa sababu tu hana ofisi.

Hapo ndipo chuo cha Bagamoyo kingeweza kufanya kazi ambayo hakuna polisi wala ofisa elimu anayeweza kuifanya. Makungwi wanasikiliza ngoma. Wakiitwa kwenye semina ya kuhutubiwa watanyamaza, watakula chakula cha mchana na kurudi makwao kufanya walichokuwa wakifanya. Wakikaa na vijana wa sanaa kama walivyokaa watu wa Msoga mwaka 1985, wao wenyewe wanaweza kuamua nini kibaki katika mafundisho ya mwali na nini kiondoke, na mwali achezwe lini ili asikose shule. Mila hubadilika kila siku. Suala ni nani anazibadilisha. Katika ukoo wa Zawose, wanawake waliozoea kuimba nyuma ya wanaume wametoka mbele, na mwaka 2024 kundi la Zawose Queens lilitoa albamu yake, Maisha. Hakuna kiongozi aliyewaamuru.

Liko pia suala la fedha, ambalo katika hotuba za tamasha hupitiwa haraka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua ngoma, nyimbo na ngano za jadi kuwa mali yenye kulindwa, na inataka kibali kwa anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Lakini kibali hicho kiko mikononi mwa mamlaka ya nchi. Kijiji hakitajwi kama mwenye mali. Kwa macho ya sheria, ngoma ya Lugoba ni ya Watanzania wote, maana yake ikiuzwa si ya mtu yeyote wa Lugoba. Mawe ya Lugoba walau yanapotoka kijijini yanapakiwa kwenye lori na kila mmoja anaona yanaondoka.

Lugha nayo inayeyuka kimyakimya. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na inahimiza zitafitiwe na kuandikiwa kamusi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, kazi kubwa na ya kupongezwa. Hata hivyo, watoto wa Lugoba barabarani wanacheza kwa Kiswahili, wanatukanana kwa Kiswahili, na nyimbo za bibi zao wanazipokea kwa kuitikia kiitikio bila kujua maana ya maneno. Mwanafunzi wa Bagamoyo anayeimba wimbo wa Kikwere jukwaani yuko katika hali hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye amevaa sare.

TaSUBa haiwezi kubebeshwa mzigo huu wote. Ni wakala wenye bajeti finyu na wanafunzi wanaotafuta ajira, na ajira katika ngoma ni hoteli za kitalii, harusi na mikutano ya kampeni. Lakini iko kilometa zisizofika 100 kutoka Lugoba kwa barabara ya lami, ambayo wakati wa mradi wa Msoga haikuwapo. Siku moja ya tamasha ikihamishiwa Lugoba, Msata au Miono, gharama yake ni mafuta ya mabasi mawili na jenereta. Mkataba wa muda kwa wazee wachache wafundishe mhula mmoja bila kuulizwa cheti unahitaji saini tu ya mtu mwenye kiti. Na utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho ungeweza kufanyika kwa makungwi wa Chalinze badala ya kunakiliana kazi za miaka iliyopita, kama ilivyo kawaida ya vyuo vyetu vingi.

Januari shule za sekondari za Halmashauri ya Chalinze hupokea kidato cha kwanza. Mkuu wa shule huwa na orodha mbili mezani, ya wasichana waliochaguliwa na ya walioripoti, na hizo mbili hazilingani. Ofisa mtendaji hutumwa nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliopungua. Kungwi aliyewacheza anawajua wote kwa majina, na anajua kila mmoja yuko wapi.